Skrubu ya Kumi

Mliponiaga nilipostaafu mwezi uliopita, enyi mafundi wangu, pale dukani Mishomoroni, mkanipa leso mbili na keki iliyoyeyuka kabla hotuba hazijaisha, mliniomba jambo moja: niwaandikie namna ya kutoa skrubu ndogo iliyokwama kwenye laptopu. Mlidhani ni ukurasa mmoja. Hata mimi nilidhani hivyo. Nimekaa barazani siku nne na kalamu, na kila nikianza na bisibisi najikuta nimefika kwa watu. Basi mtanivumilia. Anayetaka bisibisi peke yake aruke mpaka katikati, ingawa najua hakuna atakayeruka, maana nyinyi ni wambea kunishinda.

Kazi hii nilifunzwa na Mzee Chengo, fundi wa saa na redio aliyekuwa na kibanda Kisauni. Sikwenda kwake kutafuta kazi. Nilikwenda kuchukua redio ya babangu iliyokuwa imekaa pale miezi mitatu, nikaikuta bado imefunguliwa matumbo nje. Nikamwambia kwa hasira, "Mzee, kama imekushinda nipe niifunge mwenyewe." Akanipa bisibisi bila kuinua uso. "Haya, ifunge." Nikaifunga. Skrubu mbili zikabaki mezani. Mzee akazitazama, akanitazama mimi, akasema, "Kesho uje mapema tutafute zilikotoka."

Nikaja mapema. Nikaja tena miaka kumi na moja.

Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kufungua kitu cha mtu. Alinipa redio iliyokufa, yenye skrubu nne, na kazi yangu ilikuwa kuzitoa na kuzirudisha, kuzitoa na kuzirudisha, huku yeye akitengeneza saa na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kila nikizungusha ananipiga ukucha kwenye kifundo cha mkono. "Sukuma kwanza, mwanangu. Sukuma, ndipo uzungushe." Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Baadaye nikaja kujua kuwa kazi nzima ni hiyo. Nguvu nyingi iende chini, kidogo tu ndiyo izungushe. Na bisibisi iwe saizi ya skrubu, si saizi iliyo karibu na mkono wako. Ikiteleza mara moja, simama, nenda kanywe maji. Mara ya pili ndiyo inayoiua skrubu.

Alinifunza pia kutengeneza kidude ambacho nimewaachia kwenye droo ya juu, kile mlichokuwa mkikitumia kuchokolea meno. Ni sindano ya cherehani iliyovunjika, imenolewa ncha, ikatiwa mpini wa mti. Tafadhalini iosheni.

Laptopu zilipoanza kuja, Mzee alikuwa keshachoka. Ya kwanza aliizunguka mara mbili mezani bila kuigusa, kisha akaisogeza upande wangu. "Hii ni ya umri wako," akasema. Ndivyo nilivyopandishwa cheo, na ndio mwisho wa habari za vyeo katika maandishi haya.

Nilipofungua duka langu, tabu ya kwanza haikuwa skrubu. Mtu anaingia na laptopu kwapani, anaona mwanamke, anauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Fundi ndiye mimi."

"Nasema fundi mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu."

"Basi nitarudi akija."

Kuna bwana mmoja wa Port Reitz aliyerudi mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nimejifunika leso ya rangi nyingine, akaniambia afadhali leo nimekuta mtu.

Makosa yangu ya siku zile yalikuwa mengi, na moja lilinifunza. Nilirudisha skrubu ndefu kwenye shimo la skrubu fupi, ikatoboa bodi, na laptopu ya mwalimu ikafa mikononi mwangu ikiwa na afya yake nzima. Siku ile nilipita kwa mama mkwe wangu nikachukua chuma chake cha kuchomea vitumbua, kile chenye vishimo saba. Tangu hapo kila skrubu nikiitoa ina shimo lake: za mfuniko shimo la kwanza, za betri la pili, za feni la tatu, na kuendelea. Hakuna kifaa cha dukani kilichonifaa kuliko hicho. Mama mkwe aliulizia chuma chake kila Ramadhani, nami kila Ramadhani nilikuwa nimesahau.

Mnajua wenyewe skrubu za pwani. Chumvi ya hewa inazitia kutu hata laptopu ikiwa kabatini. Laptopu zinazotoka Mwakirunge huja na vumbi jeupe la machimbo ya mawe, limejaa mpaka kwenye feni. Kuna mama aliyekuwa akiifukiza laptopu yake udi kila Ijumaa pamoja na nguo, kwa nia njema, nikaikuta ndani imeganda nta nyeusi inayonukia harusi. Ile niliisafisha siku mbili na sikuichukia.

Ndiyo maana tuliweka ile desturi ya kioo. Kabla ya kufungua, mteja anapewa kioo cha kukuzia, anaonyeshwa kila skrubu, iliyoliwa na isiyoliwa, na anasema kwa kinywa chake, "Nimeona." Bila hivyo, mteja na fundi watagombana mpaka kiama. Fundi ana silaha moja ya zamani, nayo ni maneno mawili: "Ilikuja hivi." Nimewasikia mkiyasema. Nami nimeyasema. Kuna mara moja niliyoyasema ambayo sijawahi kuisimulia yote. Mmesikia mara nyingi habari ya skrubu ya kumi, na namna fundi wenu alivyoishinda. Sasa mtaisikia na kile nilichokuwa nikikiruka.

Omari alikuwa kijana wa Changamwe, mwanafunzi wa sheria, naye haoni tangu utotoni. Aliletwa dukani Jumapili moja asubuhi na binamu yake, Salim. Salim alimkalisha kitini, akasema ana mzigo wa kupeleka Likoni, atarudi alasiri. Akaondoka mbio.

"Shikamoo, Fundi," akasema Omari.

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje fundi ni mimi?"

"Salim kaniambia nisishangae, fundi ni mama. Nikamwambia mbona nishangae, na simuoni?"

Nikampenda papo hapo. Alikuwa mteja wa kwanza aliyeingia mle asiulize fundi yuko wapi.

Laptopu yake ilikuwa ya kusema. Kila kilichoandikwa kwenye kioo chake inakisoma kwa sauti, na yeye huandika akiisikiliza. Sasa vitufe vya katikati vilikuwa vimeinuka, havibonyezeki, na ilikuwa ikizima kila ipendapo. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa na mtihani wa mwisho. Chuo kilikuwa kimekubali aufanye kwa laptopu hiyo hiyo, baada ya kuandikiana barua muhula mzima. Wakubwa walikuwa wameikagua na kuipitisha, nyingine isingeruhusiwa. Isipofanya kazi, angengoja mwaka mwingine.

"Mwaka mzima, Mama," akasema. "Na nyumbani washanunua mbuzi."

Nikaigeuza. Betri ilikuwa imevimba kama hamri, imeinua vitufe kutoka chini. Betri ya namna hiyo ukiitoboa inawaka moto. Dawa yake ni kuitoa, kisha laptopu itumie umeme wa ukutani mpaka ipatikane nyingine. Nikamwambia, "Saa moja tu." Hayo nayo ni maneno niliyoyatumia sana, Mola anisamehe.

Ile desturi ya kioo niliiruka. Niliona haya kumwambia asiyeona atazame, na tena niliona ni kupoteza wakati. Halikunijia wazo la kumpa ashike kwa kidole, jambo ambalo mtoto angelifikiria. Mfuniko ulikuwa na skrubu kumi. Nikazitoa tisa, nikazipanga kwenye chuma cha vitumbua. Ya kumi ilikuwa katikati, juu ya betri. Bisibisi iliyokuwa mkononi ilikuwa kubwa kwake kidogo, nami nilijua. Ile ndogo ilikuwa ndani ya kopo, umbali wa kunyosha mkono. Sikuunyosha. Miaka yote ile ya kupigwa ukucha na Mzee Chengo, na siku ile nikaona uvivu kunyosha mkono.

Ikateleza. Sikusimama wala sikunywa maji. Ikateleza tena. Ya tatu nilisukuma kwa hasira, na ule msalaba wa kichwani ukageuka kibakuli cha mviringo, laini, hakina pa kushika.

"Fundi, hiyo ni nini inayokwaruza?" akauliza Omari.

"Skrubu yako, mwanangu. Kichwa chake kimeliwa. Ilikuja hivi."

Yalitoka yenyewe, bila kufikiri, namna mtu anavyosema "alhamdulillah" akiulizwa hali huku ana homa.

Omari akanigeuzia uso. "Ilikuja hivi?"

"Ndiyo."

"Basi ni Salim." Akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, nayo ni ya kusema. "Mwezi uliopita aliifungua kusafisha feni. Nilimkataza!"

Kabla sijapata neno, Salim alikuwa keshapokea, na sauti yake imejaa duka zima.

"Salim, umeniharibia laptopu."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umeila skrubu kichwa. Fundi yuko hapa, asema ilikuja hivi. Haifunguki, na kesho nina mtihani!"

"Omari, mimi niliifunga vizuri..."

"Mara ngapi nakwambia usiguse vitu vyangu?"

Salim naye akapandisha. "Na wewe ukitaka kwenda chuo, ni nani akupelekaye? Ukitaka kitabu kisomwe, nani akisomaye? Leo mimi ndiye mharibifu?"

"Kama ni kunisimbulia wema wako, basi kesho usije. Nitakwenda peke yangu."

Upande wa pili nikasikia magari tu yakipita. Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, masikio yananiwaka kwa aibu. Vijana wawili walioingia wameshikana mikono nimewagombanisha kwa maneno mawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa macho ya mwenziwe kesho asubuhi. Wala hakuna ambaye angejua. Hakuna aliyesema "nimeona." Ningeweza kunyamaza tu.

"Omari, mwanangu," nikasema, "si Salim. Ni mimi. Nimetumia bisibisi kubwa, imeteleza mara tatu. Skrubu ilikuja nzima."

"Nani huyo?" akauliza Salim kwenye simu.

"Ndiye fundi," akasema Omari.

"Subhanallah," akasema Salim, na simu ikakatika.

Omari alikaa na simu pajani. Nilingoja aseme nipe laptopu yangu. Alikuwa na haki, na nilikuwa nimeshaanza kuzikusanya zile skrubu tisa.

"Nilisikia ikikwaruza mara tatu," akasema. "Nilidhani ndivyo zinavyotoka." Kisha akasema, "Mimi vitu vyangu vyote, mafundi husema vilikuja vimeharibika. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ameharibu yeye. Sasa utaweza kuitoa?"

"Sijui."

"Hapo angalau umesema kweli. Haya, itoe."

Sasa ndipo mahali penu, nyinyi mlioruka mpaka katikati. Kwanza nilichukua bisibisi iliyo sawa, nikasukuma kwa uzito wa bega. Ikazunguka patupu. Pili, nikakata kipande cha baputo, lile la mpira la kupuliza, nikakitandika juu ya kichwa cha skrubu na kusukuma bisibisi ndani yake. Mpira hujaza pale palipoliwa, na mara nyingi hutosha. Hakikutosha. Tatu huwa ni moto: unagusa skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu, unahesabu mpaka kumi, gundi ya ndani inalegea. Lakini chini yake ilikuwa ile hamri ya betri. Ukitia moto hapo, mtihani mnaufanyia hospitali. Kekee ya kutobolea pia haifai kwa sababu ile ile. Nne, nikaigandisha bisibisi mbovu kwa supaglu, nikangoja ikauke barabara, nikazungusha taratibu. Bisibisi ikatoka na gundi yake yote, safi, imetuaibisha sote wawili.

Ikabaki sindano ya Mzee Chengo. Kwa sindano hiyo unachora mfereji kwenye kichwa cha skrubu, unakwaruza unywele mmoja mmoja, mpaka bisibisi bapa ipate pa kukaa. Ni kazi ya macho, na macho yangu, niwaambie sasa kwa kuwa nimestaafu, wakati ule yalikuwa yameshaanza kunidanganya. Nilikuwa nikitoka nje ya skrubu bila kuona. Omari ndiye aliyenishika. Nilimwomba aikamate laptopu kwa mikono miwili isicheze, na baada ya muda akasema, "Hapo umetoka. Umegusa mfuniko."

"Umesikia?"

"Nimehisi kidoleni. Msidhani sisi tuna masikio ya popo, Mama. Ila wewe unatazama, mimi nimeshika."

Basi tukaenda hivyo. Nakwaruza, yeye anasema "uko ndani," "uko ndani," "umetoka," "rudi." Adhuhuri ikaadhiniwa, tukapokezana kuswali ili laptopu isiachwe peke yake. Jirani akatuletea kahawa na kashata. Omari alinieleza sheria ya dhamana, nikamweleza kwa nini mume wangu hajui kukaza taa. Saa tatu nzima zikapita kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.

Mfereji ulipokubali bisibisi, niliweka mikono miwili, nikavuta pumzi, nikasukuma. Nikasukuma tu, sikuzungusha. Niliposhiba kusukuma ndipo nikazungusha kidogo.

"Imezunguka," akasema Omari. Mimi sikuwa hata nimeona.

Ikatoka. Niliishika kiganjani na kuitazama, na machozi yakanishuka. Siku hizi watu husema ni uchovu, lakini ilikuwa furaha na aibu pamoja, na woga uliokuwa umenikaa kifuani tangu asubuhi.

"Walia?" akauliza.

"Mafua."

"Fundi!"

"Haya, nalia."

Betri nikaitoa kwa vidole, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga nje. Nikachomeka waya, nikawasha. Laptopu ikaanza kusema mbio mbio, sikushika hata neno, lakini Omari aliinua mikono yote miwili juu akacheka. Alasiri Salim akafika. Nilimlaki mlangoni nikamwomba radhi kabla hajavua viatu. Akatazama chini, akasema, "Yamepita, Mama," akamshika Omari mkono. Hakunitazama usoni hata mara moja, nikajua bado ana kinyongo. Nikawaambia waombe kiti karibu na plagi, kwa sababu bila betri, stima ikipotea hata kidogo laptopu inazima na mtihani umezama nayo.

Jumatatu nilifungua duka lakini sikufungua kitu cha mtu. Nilikaa nikiitazama taa ya juu ya meza. Sikujua hata kama chuo chao na duka langu vilikuwa laini moja ya stima, ila saa nne taa ilipopepesa nilisimama wima, na mteja aliyekuwa mbele yangu akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Saa sita simu ikalia. Alikuwa Salim. Nikajiuliza, mbona asipige Omari mwenyewe?

"Iko sawa, Mama," akasema. "Haijazima. Bado yuko ndani anaandika, wamemwongezea muda. Nimepiga kwa sababu najua hujala."

"Alhamdulillah. Ahsante, mwanangu. Na unisamehe tena la jana."

Akakohoa. "Hilo ndilo jambo la pili. Mama, ile skrubu... Nilipoifungua kusafisha feni, nilipoirudisha ilikuwa inalegea. Omari akalalamika laptopu inalia kama kayamba. Nikaipaka rangi ya kucha ya mke wangu, ndani ya uzi wake, nikaibana bisibisi kwa koleo nikaikaza."

Saa tatu zangu zote zilinipita mbele ya macho. Rangi ya kucha ikikauka kwenye skrubu ni gundi kamili. Hata kwa bisibisi iliyo sawa ningehenyeka.

"Na jana kwenye simu," nikasema, "ulisema uliifunga vizuri."

"Niliifunga vizuri mno, Mama."

Nikamwambia amwambie Omari mwenyewe, akitoka tu, kabla hajamshika mkono. Akasema, "Lakini anatoka kwenye mtihani wa sheria. Atanishtaki." Nikamwambia amshtaki, mimi nilikwisha hukumiwa na nikapewa kahawa.

Alasiri Omari akanipigia. Nyuma yake nilisikia fujo za barabarani, na Salim akicheka kwa aibu.

"Fundi," akasema, "nauliza tu kisheria. Mlikuwa waharibifu wangapi kwenye skrubu moja?"

"Wawili, mwanangu," nikamwambia. "Na wote tumeshasema."